Karani, paka na samaki: kwa nini Wamisri wa kale walipaka rangi kuta za makaburi yao

Ukitajiwa makaburi ya Misri ya kale, kichwani zinakuja piramidi, halafu kile kinyago cha dhahabu cha Tutankhamun. Ni haki yake, vimetangazwa sana. Lakini leo naomba tuwaache wafalme walale. Twende tukamtembelee karani.

Anaitwa Nebamun. Aliishi Thebes, mji ambao leo tunauita Luxor, karibu mwaka 1350 KK. Kazi yake ilikuwa kuandika na kuhesabu nafaka katika ghala la hekalu la mungu Amun huko Karnak. Kwa lugha ya leo tungesema mhasibu wa taasisi kubwa ya dini: mtu mwenye kipato cha uhakika, watumishi, na heshima yake mtaani, lakini si mtu ambaye vitabu vya historia vingemkumbuka. Tunamjua kwa sababu aliwalipa watu wampambie kaburi, na watu hao walikuwa mafundi kwelikweli.

Vipande 11 vya kuta zake vipo British Museum, London. Kinachojulikana zaidi kinamwonyesha amesimama juu ya mtumbwi wa mafunjo katikati ya vinamasi, mguu mmoja mbele, mkono mmoja umeshika kijiti cha kuwindia chenye umbo la nyoka, na mwingine umewashika korongo watatu miguuni. Nyuma yake yupo mkewe, amevaa kama anayekwenda harusini. Binti yao amekaa chini, kaushika mguu wa baba. Ndege wanaruka huku na kule, vipepeo nao wapo. Na katikati ya vurugu hizo yupo paka: ndege mmoja kamuuma, wengine wawili kawakaba kwa kucha. Jicho la paka huyo limepakwa dhahabu halisi.

Sasa jiulize. Nani anakwenda kuwinda kinamasini amevaa shanga, wigi na kanzu ya kitani nyeupe pe? Na kwa nini fundi aweke dhahabu kwenye jicho la paka, si kwenye mkufu wa bosi aliyemlipa? Ukianza kuuliza hivyo, tayari umeanza kusoma ukuta huo vizuri.

Kaburi lenye sebule

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wataalamu huyaita haya "makaburi ya watu binafsi" ili kuyatofautisha na ya wafalme. Jina hilo linapotosha kidogo, maana unaweza kudhani ni makaburi ya watu wa kawaida. Hapana. Waliozikwa humo ni mawaziri, makuhani, mameya, maofisa wa jeshi, makarani wa ngazi ya Nebamun. Mkulima wa kawaida alifungwa kwenye mkeka akazikwa mchangani, basi. Tutarudi kwake baadaye, kwa sababu ana neno la kusema kuhusu picha hizi.

Upande wa magharibi wa Mto Nile, mkabala na Luxor, vilima vimetobolewa kama sega la nyuki. Zaidi ya makaburi 400 ya aina hii yameshapewa namba pale: la Nakht ni namba 52, la Menna namba 69, la waziri Rekhmire namba 100. Mengi ya wakati wa Nebamun yana ramani moja. Mbele kuna ua. Ukiingia mlangoni unakuta chumba kipana kilichokaa kushoto na kulia kwako, halafu ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja ndani ya mlima, na mwisho wake sanamu za marehemu na mkewe. Mwili wenyewe haukuwa hapo. Ulikuwa chini, kwenye chumba kilichochimbwa mwisho wa shimo refu, na shimo likafukiwa.

Kwa hiyo vyumba vyenye michoro vilikuwa ni kama sebule ya marehemu, na wageni walikaribishwa. Kila mwaka kulikuwa na Sikukuu Nzuri ya Bonde, ambapo sanamu ya Amun ilivushwa mto kutoka Karnak kwenda upande wa wafu, na familia zilikuja makaburini na vyakula, maua na vinywaji, zikakesha huko na wazee wao waliotangulia. Watoto wa Nebamun, wajukuu na jirani zake waliiona picha ile ya paka kwa mwanga wa taa za mafuta, huku wanakula.

Hii inajibu nusu ya swali la mavazi. Picha ilikuwa na watazamaji, na karani alitaka aonekane karani hasa. Nusu nyingine ni nzito zaidi.

Picha inayofanya kazi

Kwa Mmisri wa kale, mtu alikuwa na ka, ile nguvu ya uhai ambayo haikufa na mwili ila iliendelea kuhitaji chakula. Ndugu wangeleta mikate na bia, lakini vizazi vinapita, watu wanahama, wanasahau. Picha haisahau. Ukichora meza iliyojaa mikate, bata, zabibu na nyama, ukaandika juu yake maneno ya kumtakia marehemu maelfu ya mikate na maelfu ya bia, basi chakula kipo, milele. Picha na jina vilifanya kazi. Ndiyo maana unakuta mlolongo mzima: watu wanalima, wanavuna, wanapura, wanapima nafaka, wanaiweka ghalani. Huo si urembo wa ukutani, ni mtambo wa kuzalisha chakula cha marehemu usiozimika.

Na uwindaji? Turudi kinamasini. Chini ya mtumbwi wa Nebamun maji yana samaki, na mmoja wao ni perege. Msomaji wa Mwanza atamtambua mara moja, maana ni ukoo mmoja na sato. Jike la sato wa Nile hubeba mayai yake mdomoni, na vifaranga wakishaanguliwa hukimbilia humohumo wakiona hatari, kisha wanatoka tena wakiogelea. Mtu anayeishi kando ya Nile anaona samaki mdogo amemezwa, halafu anatoka mzima! Wamisri walimfanya perege alama ya kuzaliwa upya. Maua ya yungiyungi, yanayofunga jioni na kufunguka asubuhi, yalibeba maana hiyohiyo. Kinamasi chenyewe kilikuwa picha ya dunia ilivyoanza, kabla nchi kavu haijatokea. Mke aliyevaa vizuri na binti aliye miguuni vinazungumzia uzazi. Weka yote pamoja na utaona kwamba marehemu hayuko kwenye mapumziko ya wikiendi. Yuko kwenye shughuli ya kuzaliwa mara ya pili, na amevaa kwa ajili ya shughuli hiyo.

Paka naye? Mungu jua aliweza kuchorwa kama paka anayemuua nyoka, adui wa mwanga. Wataalamu wengi wanaona dhahabu ile ya jichoni inaelekeza huko. Mimi nawakubalia, ila naomba tusisahau kwamba pia ni paka aliyechorwa na mtu anayewajua paka. Mistari ya manyoya, mkia ulivyokaza, jinsi anavyoshika vitatu kwa mpigo. Maana ya kidini haikumzuia fundi kufurahia kazi yake.

Uzi mwekundu, mswaki na magadi

Tuje kwenye sehemu ninayoipenda zaidi: ilivyofanywa.

Milima ya Thebes ni ya mawe ya chokaa, lakini sehemu nyingi jiwe ni bovu, linapasuka hovyo. Aliyebahatika kupata mwamba mzuri, kama waziri Ramose, alichongewa picha za kuinuka ukutani. Wengine walisawazisha ukuta kwa tope la Nile lililochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, teknolojia ambayo mtu yeyote aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anaijua. Juu ya tope wakapaka tabaka jembamba la plasta nyeupe. Likishakauka ndipo rangi inaanza. Zingatia hapo: likishakauka. Kuna mbinu nyingine maarufu, iliyotumika sana Ulaya, ya kupaka rangi kwenye plasta mbichi ili rangi izame ndani na kukauka nayo. Wamisri hawakufanya hivyo. Rangi yao ilikaa juu ya ukuta, imeshikwa na gundi ya miti kama mgunga, au gundi ya wanyama. Ndiyo maana maji ni adui yake namba moja.

Kisha mistari ya vipimo. Umewahi kumwona fundi ujenzi akivuta uzi wenye rangi kati ya pointi mbili, anaubana, anauachia, pa! mstari umenyooka? Ndicho walichofanya, kwa uzi uliochovywa kwenye rangi nyekundu. Ukuta ukajaa miraba. Mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka wayo hadi mwanzo wa nywele, na aliyeketi miraba 14. Goti lina mraba wake, kiwiko kina wake, bega lina lake. Kwa utaratibu huu timu ya wachoraji watano ingeweza kugawana ukuta na hakuna atakayegundua mkono wa nani ulianzia wapi. Kwenye makaburi ambayo hayakumalizika miraba hiyo bado inaonekana, pamoja na michoro ya kwanza ya rangi nyekundu na masahihisho ya mweusi juu yake, bila shaka ya bwana mkubwa aliyepita kukagua.

Brashi zao zilikuwa vijiti vya mimea yenye nyuzi vilivyopondwa ncha. Sawasawa na mswaki wa mti. Rangi nyekundu na njano zilitoka kwenye udongo wenye chuma, nyeupe kwenye jasi na chokaa, nyeusi ni masizi. Njano yenye mng'ao ilitoka kwenye madini ya aseniki, ambayo ni sumu, ingawa sidhani kama kuna aliyewaonya.

Bluu ilikuwa habari nyingine kabisa. Bluu ni adimu kwenye asili. Lile jiwe la bluu la thamani, lapis lazuli, lilitoka mbali huko Afghanistan, na ukilisaga hupati mengi. Wamisri walifanya kitu ambacho, kama mtu wa kemia, bado kinanishangaza: waliitengeneza. Walichukua mchanga wenye kwazi, chokaa, shaba au madini yake, wakaongeza magadi au majivu ya mimea, wakachoma tanurini kwenye joto la kati ya nyuzi 850 na 1000 za Selsiasi. Magadi kazi yake ni kusaidia mchanganyiko uanze kuyeyuka kwenye joto la chini kuliko kawaida. Joto likizidi sana, bluu inaharibika. Likiwa dogo, haitokei kabisa. Hawakuwa na kipimajoto wala jedwali la elementi. Walikuwa na macho, na uzoefu wa baba kwa mwana. Kilichotoka tanurini kilisagwa kuwa unga, na ndiyo rangi ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu tunayoijua.

Rangi hiyo ina siri ambayo waliotengeneza hawakuijua. Ukiimulika kwa mwanga wa kawaida, inatoa mionzi ya infraredi, karibu na nanomita 910, ambayo macho yetu hayaioni lakini kamera ya kidijitali iliyoondolewa kichujio chake inaiona. Kwenye picha ya namna hiyo kila chembe ya bluu ya Kimisri inawaka nyeupe kama nyota, hata pale ambapo jicho linaona ukuta mchafu tu. Kwa hiyo leo tunaweza kurudisha shanga, mapambo na mistari ya maji iliyofutika karne nyingi zilizopita bila kuugusa ukuta.

Kumbe walirekebisha

Kwa muda mrefu wasomi walipenda kusema kwamba sanaa ya Misri ni ya kukariri: kanuni zilezile, miraba ileile, fundi anajaza tu. Mwezi Julai 2023 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Philippe Martinez kilichapisha matokeo katika jarida la PLOS ONE yanayotikisa kidogo wazo hilo. Walipeleka makaburini mashine ndogo ya eksirei. Inavyofanya kazi ni hivi: miale ya eksirei inagonga atomi za rangi, na kila elementi inajibu kwa miale yenye nishati yake ya pekee. Chuma kinajibu kivyake, shaba kivyake, aseniki kivyake. Ukipitisha mashine polepole juu ya picha unapata ramani ya kila elementi, na tabaka lililofichwa chini ya rangi ya juu linajitokeza.

Kwenye kaburi la Menna, ambapo amesimama mbele ya Osiris akiwa ameinua mikono kuabudu, ramani ilionyesha mkono wa tatu. Fundi alikuwa ameuchora, kisha akaufunika na kuusogeza. Kwenye kaburi la Nakhtamun, picha ya Ramesses II ilikuwa imebadilishwa taji, mkufu na fimbo ya enzi. Mkono uliosogezwa kidogo unaweza kuonekana kitu cha kupuuzia, lakini kwangu mimi ni kama kumsikia mtu akikohoa chumba cha pili. Mtu fulani alirudi nyuma hatua mbili, akaangalia, akasema hapana, hapa hapajakaa sawa.

Mfano mwingine wa marekebisho hauhitaji hata mashine. Kwa Rekhmire, kuna msafara wa wageni walioleta zawadi, wakiwemo watu wa Keftiu, yaani Krete. Walichorwa kwanza na vazi lao la zamani la kubana kiunoni, halafu mtu akaja akapaka juu yake sketi zenye marembo. Mavazi ya Krete yalikuwa yamebadilika, na picha ikasasishwa. Kwa watu wanaodaiwa kukariri tu, walikuwa makini na habari za nje!

Kuhusu ule mtindo wa kichwa kuangalia upande huku jicho na mabega vikikutazama, sitakaa sana. Wengi wanadhani hawakujua kuchora. Angalia bwawa la bustani ya Nebamun. Maji yamechorwa kama unayatazama kutoka juu, mstatili kamili. Lakini bata na samaki waliomo wameonyeshwa kwa ubavu, na mitende, mikoma na mikuyu inayolizunguka imelazwa kila upande. Hakuna mahali pa kusimama ambapo utaona hayo yote kwa pamoja. Mchoraji hakuwa anachora alichokiona akiwa amesimama mahali fulani. Alikuwa anaorodhesha vitu, kila kimoja kwa upande unaokitambulisha vizuri zaidi, ili marehemu asikose hata kimoja. Na pale fundi alipotaka kuvunja kanuni, aliivunja: kwenye karamu ya Nebamun wanawake wawili katika kundi la wanamuziki wanakutazama uso kwa uso, jambo adimu sana.

Mifupa inasema nini

Hapa ndipo napenda kubishana na vitabu vya shule, ambavyo huweka picha hizi chini ya kichwa "maisha ya kila siku Misri ya kale". Kuna ukweli ndani yake. Kwa Menna, wasichana wawili waliokuwa wakiokota masalia ya mavuno wanavutana nywele, na mwingine anamtoa mwenzake mwiba mguuni. Kwenye kaburi la Paheri huko Elkab, bibi mmoja karamuni anaagiza, kwa maandishi, vikombe 18 vya mvinyo. Kwa Rekhmire tunaona wafua vyuma wakikanyaga mivukuto kwa miguu na mafundi wakifyatua matofali, hatua kwa hatua. Hivi vyote vina thamani kubwa kwetu.

Ila kumbuka nani alilipia. Mashamba ni mashamba kama karani alivyotaka yawe. Mahindi hayakuwepo enzi hizo, lakini ngano inasimama juu na imenyooka, ng'ombe wamenona, na wafanyakazi wana miili ya wanariadha. Wazee ni wachache. Mgonjwa humwoni. Njaa humwoni, labda pale kwa Menna ambapo mtu analazwa chini na kuchapwa mbele ya wasimamizi, na hata hapo picha haikuwekwa kumtetea anayechapwa. Iliwekwa kuonyesha kwamba ofisi ya Menna inafanya kazi.

Sasa linganisha na Amarna, mji ambao mfalme Akhenaten aliujenga haraka kaskazini mwa Thebes katika kizazi hichohicho cha Nebamun. Waakiolojia wamechimba makaburi ya watu wa chini pale, wale wa kufungwa kwenye mikeka. Mifupa ina dalili za utapiamlo, uti wa mgongo umeumia kwa kubeba mizigo, viungo vimesagika, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Mji ule ulikuwa na shida zake za pekee, kwa hiyo tusiseme Misri yote ilikuwa hivyo. Lakini umbali kati ya mwili uliochorwa ukutani na mwili uliolala mchangani ni mkubwa mno kuupuuza.

Hata wachoraji wenyewe hawakuepuka. Kijiji cha Deir el-Medina kiliwahifadhi mafundi wa makaburi ya wafalme, na baadhi yao, kama Sennedjem, walitumia ujuzi huo kujipambia makaburi yao wenyewe kwa mashamba ya ahera yenye ngano ndefu kupita kimo. Walilipwa kwa nafaka. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses III, karibu mwaka 1157 KK, nafaka ilichelewa, wakaweka zana chini, wakaenda kukaa kwenye mahekalu wakidai chakula chao. Ndio mgomo wa wafanyakazi wa kale zaidi ambao kumbukumbu yake ya maandishi tunayo. Watu waliochora wingi wa vyakula walikuwa na njaa.

Lakini Amarna hiyohiyo ilituletea na mshangao wa upande wa pili. Kwenye michoro ya karamu, wageni huwa wana kitu kama koni nyeupe kichwani. Kwa miaka mingi wasomi wengi walisema ni alama tu, namna ya mchoraji kuonyesha harufu nzuri au hali ya kubarikiwa. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba koni halisi za nta zimepatikana juu ya vichwa vya watu wawili waliozikwa pale, na hawakuwa matajiri. Kumbe zilikuwepo. Ukuta ulisema kweli mahali ambapo tulidhani unatia chumvi.

Kumpofusha marehemu

Kama picha inafanya kazi, basi kuiharibu ni kumdhuru mtu. Wamisri walijua hilo vizuri. Mtu fulani aliingia kaburini mwa Menna akayachimbua macho yake yaliyochorwa, ili asione sadaka zake tena. Wakati wa Akhenaten, aliyetaka mungu mmoja wa jua, watumishi wake walipita makaburini na patasi wakitafuta jina la Amun na kulifuta. Fikiria balaa la mtu anayeitwa Neb-amun! Jina lake lenyewe lilibeba neno lililopigwa marufuku, na kwa imani yao, jina likifutika mwenyewe anafutika.

Ila pigo kubwa kwa Nebamun lilikuja miaka zaidi ya 3,000 baadaye. Karibu mwaka 1820, Mgiriki Giovanni d'Athanasi, aliyekuwa akimkusanyia vitu vya kale balozi wa Uingereza Henry Salt, alilikuta kaburi. Watu wake walikata picha nzuri kwa misumeno na mitaimbo, tope na mabua yake, zikasafirishwa. Mwaka 1821 zilikuwa zimefika mikononi mwa British Museum. Huko zikamiminiwa plasta mgongoni ili zisivunjike, plasta ambayo wahifadhi wa miaka ya 2000 walilazimika kuiondoa kwa uangalifu, kazi iliyochukua miaka, kabla ya ukumbi mpya kufunguliwa mwaka 2009.

D'Athanasi alikufa London mwaka 1854, maskini. Hakuacha maelezo ya kutosha kuhusu mahali kaburi lilipo. Limepotea hadi leo. Nebamun ana ukuta London na mwili usiojulikana ulipo Luxor, wakati mpango wake wote ulitegemea vitu hivyo viwili kukaa pamoja.

Hasara hiyo si ya imani tu. Picha iliyokatwa haikuambii ilikuwa ukuta wa kushoto au wa kulia, ilitazama machweo au mlango, jirani yake alikuwa nani. Tunajua kwamba kuta hizo zilipangwa kwa maana, lakini mpangilio wa kaburi la Nebamun unabaki kuunganishwa kwa kukisia kutokana na makaburi mengine.

Makaburi yaliyobaki mahali pake nayo yana vita yake. Mwamba wa Thebes una chumvi. Unyevu ukipanda, iwe ni mvua ya nadra au jasho na pumzi za watalii mia moja kwenye chumba cha ukubwa wa darasa, chumvi inayeyuka, inasogea, inaganda upya kama fuwele nyuma ya plasta na kuisukuma nje. Kumbuka rangi imekaa juu, haikuzama. Ndiyo maana baadhi ya kuta zimewekewa vioo, na ndiyo maana mashine zisizogusa, kama ile ya eksirei, zinapendwa sana sasa.

Ukifika Luxor, makaburi ya Menna na Nakht, pale Sheikh Abd el-Qurna, ni miongoni mwa yale yaliyofunguliwa kwa wageni, na ni madogo: nusu saa inatosha kuyaona vizuri kama hukimbizwi na mwongoza watalii. Kwa Nakht, mtafute paka aliye chini ya kiti, anamla samaki. Vipande vya Nebamun viko chumba namba 61 cha British Museum, na picha zake ziko bure kwenye tovuti yao. Zikuze uwezavyo. Ukifika kwenye bwawa, angalia kona ya juu upande wa kulia: kuna mkuyu, na ndani ya mkuyu mungu wa kike ananyoosha mikono kumpa Nebamun matunda na kinywaji.